Oili ya boti, boda na jenereta hapa Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota gatini, barazani na mlangoni mwa karakana yangu. Nilianza ufundi kwenye tuktuk za Malindi. Sasa kazi yangu kubwa ni mashine za boti, na boda chache za Mokowe. Kwanza tuelewane kwenye maneno: hapa "oili" ni ya kulainisha injini, na "mafuta" ni petroli au dizeli. Pwani tunayachanganya haya mawili. Nimewahi kumtuma kijana alete "mafuta ya mashine", akarudi na kitu kingine kabisa.

## Mambo ya msingi

Oili inafanya kazi gani hasa ndani ya injini?

Kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka haigusi beringi. Kati yake kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na kranki inaelea juu ya utando huo kama mtumbwi juu ya maji. Utando ukipasuka, chuma kinakutana na chuma, na hapo ndipo watu husema injini "imenoki".

Hiyo ni kazi moja tu. Oili pia inabeba joto kutoka kwenye pistoni, inaziba upenyo kati ya ringi za pistoni na silinda, inayashika masizi yasigande, na inapunguza makali ya asidi inayozaliwa mafuta yanapoungua. Ndiyo maana kiwango kinaweza kuwa sawasawa kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na oili yenyewe ikawa imeshachoka.

Namba 20W-50 zina maana gani?

Hayo ni madaraja ya mnato, yaani jinsi oili inavyogoma au kukubali kutiririka. Gereji tunasema "nzito" na "nyepesi", na hakuna ubaya, ingawa si uzito wa mizani. Madaraja yanapangwa na SAE, chama cha wahandisi cha Marekani, ambacho kilianza kazi hiyo mwaka 1911.

Namba ya mwisho hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi, ambalo ni karibu na hali yake injini ikiwa kazini. Daraja la 30 ni sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 hadi chini ya 12.5. Daraja la 40 linaanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, na la 50 linaanzia 16.3 hadi chini ya 21.9. Namba yenye W ni ya baridi, na baridi yenyewe si ya kwetu: 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na 10W kwenye 25 chini ya sifuri. Lamu hata usiku wa Julai mtu akijifunika shuka anaona amezidisha.

Kwa hiyo namba ya mwisho ndiyo ya kuangalia kwanza. Ile ya W nayo ina funzo lake, tazama jibu linalofuata.

Mnato "kuvunjika" ni nini?

Oili yoyote ikipata joto inalegea. Ili isilegee kupita kiasi, watengenezaji huitia molekuli ndefu sana zenye umbo la nyuzi. Zikiwa baridi zinajikunja, zikipata joto zinajinyoosha na kuizuia oili isiwe maji. Hizo ndizo zinazoifanya oili moja iwe 20W na 50 kwa pamoja.

Sasa chukua kamba ya usumba, uipitishe kati ya magurudumu mawili ya meno mara elfu moja. Itakatika vipande. Nyuzi za ndani ya oili hupatwa na hayo hayo kwenye meno ya gia, kwenye pampu na kwenye beringi. Zikishakatika haziungani tena, na oili iliyonunuliwa kama 50 inakuwa 40, pengine hata chini ya hapo. Chupa bado imeandikwa 50, lakini injini haisomi chupa.

Nafasi kati ya namba mbili ikiwa kubwa, mara nyingi maana yake nyuzi ni nyingi zaidi, kwa hiyo kuna vingi vya kukatika. Oili ya 5W-50 ina sababu kwa mtu anayewasha gari kwenye theluji. Kwetu, kama kitabu cha injini kinakuruhusu kuchagua, chukua yenye nafasi ndogo.

Mwingine ananiambia oili ikizeeka inakuwa nyepesi, mwingine anasema inakuwa nzito. Nani mkweli?

Wote wawili. Inakuwa nyepesi nyuzi zikikatika, au petroli na dizeli zikivujia ndani yake. Inakuwa nzito ikiungua polepole kwa hewa na joto, masizi yakijaa, au maji yakiingia na kupigwapigwa hadi iwe kama uji. Joto lina kasi ya kutisha hapa: mafundi huhesabu kwamba kila likipanda nyuzijoto 10, oili huchakaa kwa kasi ya karibu mara mbili.

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. Mambo haya mawili yanaweza kutokea pamoja na kufichana. Petroli inailegeza oili ambayo uchakavu umeifanya nzito, ukiishika vidoleni unaona iko sawa kabisa, kumbe imeharibika pande zote mbili. Kwa sababu hiyo siamini dalili moja peke yake.

## Kujua kwamba wakati umefika

Oili imekuwa nyeusi. Niimwage?

Si lazima. Kwenye dizeli, oili mpya inaweza kuwa nyeusi baada ya saa chache tu za kazi, kwa sababu inafanya ilichotumwa: imeyashika masizi. Afadhali masizi yawe ndani ya oili kuliko kugandia kwenye ringi. Ukinionyesha injini ya dizeli yenye saa 80 na oili bado inang'aa kama samli, nitauliza uliibadilisha lini bila kuniambia.

Kinachonitisha zaidi ni kinyume chake: oili ya mashine ya petroli yenye rangi nzuri ya asali, ambayo ukiitia kwenye vidole inateleza kama mafuta ya taa. Rangi inampendeza nahodha, na kranki inateketea.

Bila maabara nitapimaje?

Anza na dipstiki. Kwenye mashine ya kupachika, ile inayofungwa nyuma ya boti, iweke wima, izime, subiri oili ishuke, chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Kiwango kikipungua, injini inaila au inaivuja. Kikipanda, tazama swali linalofuata, tena leo hii.

Halafu nusa. Oili nzima ina harufu ya oili tu. Ikinukia petroli, petroli imo. Ikinukia kuungua, kama kitunguu kilichosahaulika jikoni, joto limeipitia.

Kipimo ninachokipenda ni cha vichupa vya uturi, vile vyembamba vinavyouzwa na mafuta ya mawaridi ndani. Tafuta viwili vinavyofanana, uvioshe na uvikaushe. Kimoja tia oili mpya ya aina unayotumia, cha pili tia ya kwenye injini, na kote acha nafasi ya hewa iliyo sawa. Vifunge, viache kivulini saa nzima ili vipate joto moja, kisha vishike pamoja na uvipindue kwa mpigo. Tazama povu la hewa linavyopanda. Yakipanda pamoja, mnato haujaenda mbali. La oili kuukuu likifika juu wakati lile jingine bado liko nusu ya njia, usiendelee kujadili. Na likibaki nyuma sana, oili imekuwa nzito, nayo ni sababu hiyo hiyo ya kuimwaga.

Cha mwisho ni tone kwenye karatasi. Dondosha tone la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe inayofyonza na uiache mpaka kesho. Masizi yakitawanyika taratibu kutoka katikati kwenda nje, oili bado inayabeba. Yakibaki doa jeusi tii katikati lenye ukingo mkali, imeshindwa kubeba. Duara pana la njano iliyopauka pembeni kabisa linanitia shaka ya mafuta.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya haya yote. Oili iliyotumika ina vitu ambavyo ngozi haivihitaji.

Kiwango cha oili kwenye mashine yangu kinapanda chenyewe. Si ni vizuri, haili oili?

Hapana, nahodha. Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote kwenye ukurasa huu.

Alinijia mvuvi mmoja na mashine ya stroki nne ya hospawa 60, anajisifu: tangu ainunue hajawahi kuongeza oili, tena "inazaa". Nikachomoa dipstiki. Oili ilikuwa juu ya alama kwa upana wa kidole. Nikainusa, nikampa naye anuse, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Ilikuwa petroli.

Chanzo kilikuwa namna anavyovua. Kutoka alfajiri mpaka adhuhuri anakokota mishipi kwa mwendo wa kutambaa. Mashine ya kupachika inapozwa na maji ya bahari yanayoingia bila kukoma, na kwa mwendo huo haipati moto wa kutosha. Petroli inayogusa ukuta wa silinda uliopoa haiungui yote. Sehemu inateremka pembeni mwa ringi hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini ingekuwa inafanya kazi kwa moto wake, petroli hiyo ingevukizwa na kurudi kuchomwa. Yake haikuwahi kupata moto huo, basi siku hadi siku ikajikusanya.

Asilimia chache tu za petroli zinatosha kuishusha oili daraja zima la mnato. Na kiwango kikizidi sana, kranki inaanza kuipiga oili na kuitia povu, na povu haliwezi kuibeba kranki.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza, mwaga oili hiyo yote na ubadilishe filta. Kuinyonya ile "iliyozidi" mpaka alama ni kujidanganya, maana iliyobaki ni mchanganyiko ule ule. Ya pili, badilisha mwendo: kila baada ya muda wa kukokota, ipe mashine robo saa au nusu saa ya mwendo wa nguvu ipate moto. Wanaopita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa, polepole kwa kuogopa fungu, nao wawe na desturi hiyo wakishatoka nje. Kwa boti za kukokota, mimi hubadilisha oili saa 50, siyo 100.

Na kabla ya kuondoka, muulize fundi wako kama themostati ipo. Swali linalofuata.

Fundi alitoa themostati ili mashine isichemke. Kuna tatizo?

Lipo, na ni ugonjwa wa pwani nzima. Hoja yake ni kwamba huku kuna joto, kwa hiyo kifaa kinachozuia maji kupita hakitakiwi. Lakini themostati haikuwekwa ili kuchemsha. Inayazuia maji mpaka injini ifikie joto lake, kisha inafunguka, kwenye mashine nyingi za kupachika ni kama nyuzi 50 hadi 60. Ukiitoa, maji yanapita ovyo, injini inabaki baridi daima, na unapata yale yote ya jibu lililopita, hata kama hukokoti mishipi.

Kama mashine inachemka, sababu iko kwingine. Mara nyingi ni panga la mpira la pampu ya maji lililochoka, au chumvi iliyoziba njia. Tuktuk na gari lenye rejeta ni vivyo hivyo. Nimekuta gari la Malindi limetolewa themostati miaka mitatu, na chini ya kifuniko cha oili kuna tope kama halua. Si utani, lingekatika kwa kisu.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa.

Ni maji. Yakionekana chini ya kifuniko tu, kidogo, na dipstiki ni safi, huenda ni unyevu wa safari fupi fupi za kuvuka kwenda Manda na kurudi. Ipe mashine safari ndefu kisha utazame tena. Lakini oili yote ikiwa ya rangi hiyo, maji yanaingia kwa njia yake, mara nyingi gasketi ya kichwa, na ni maji ya chumvi. Usiiwashe. Beringi zikilala ndani ya chumvi usiku mmoja, asubuhi unazungumza bei nyingine.

Ukiwa na shaka, dondosha tone kwenye sufuria kavu ya moto. Likitulia, hakuna maji. Likitatarika kama kitoweo chenye maji kikitiwa kwenye mafuta, yamo. Fanya hivyo nje, mbali na mtungi wa petroli. Na sufuria hiyo isirudi jikoni.

Basi ni kilomita ngapi, au saa ngapi?

Kitabu cha injini ndicho chenye neno la kwanza. Mashine nyingi za kupachika za stroki nne huagiza oili ya kwanza ibadilishwe saa 20, kisha kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Hiyo ya saa 20 watu huiruka sana, na ndiyo inayotoa chembe za chuma za injini mpya inayojizoesha.

Boti haina mita ya kilomita, na nyingi hapa hazina mita ya saa inayofanya kazi. Kwa hiyo hesabu kwa kazi. Boti ya abiria inayokwenda Mokowe na kurudi kutwa, ikifanya saa sita kwa siku, inamaliza saa 100 siku ya kumi na saba. Ndiyo, siku kumi na saba, wala si miezi. Nahodha wengi nikiwapigia hesabu hiyo huniomba niirudie. Boti ya saa mbili kwa siku inafika siku hamsini. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha mashine, maana karatasi ya gereji huishia kufungia bajia.

Boda ni hadithi nyingine. Injini, gia na klachi zinatumia oili moja, kama lita moja tu, na haina mahali pa kupumzikia. Gia zinaikata kama nilivyoeleza kwenye swali la mnato kuvunjika. Boda ya kazi inayopiga kilomita 100 kwa siku, mimi siivushi 3,000, yaani mwezi mmoja. Mwenye boda husikia kwa mguu kabla ya jicho: gia zinaanza kuwa ngumu, zinaingia kwa kishindo, na sifuri, yaani kutoka kwenye gia, haipatikani kwa urahisi ukiwa umesimama. Mara nyingi ni oili tu, na ukiibadilisha gia zinarudi kuwa laini.

Tuktuk ya Malindi inayopita barabara za vumbi, kama njia ya Marafa, ihesabiwe mapema zaidi, na filta ya hewa isafishwe kila wiki. Mchanga ukishaingia kwenye oili inakuwa msasa, na mnato mzuri hausaidii kitu.

Taa ya oili imewaka, au king'ora cha mashine kinalia. Nifike kwanza?

Zima. Tia nanga au tumia kasia. Taa hiyo inasema shinikizo la oili limeanguka, haikukumbushi huduma. Dakika mbili zinatosha kuua injini.

## Kuchagua na kununua

Huku ni joto. Nitumie oili nzito zaidi ya iliyoandikwa?

Mara nyingi hapana. Mashine ya kupachika hupozwa na bahari, na bahari ya Lamu haichemki. Kama kitabu kinasema 10W-30 au 10W-40, ukitia 20W-50 ukidhani unaisaidia, oili inachelewa kufika juu kila unapowasha, na injini inasota zaidi.

Wako wanaotia nzito ili kuficha moshi wa ringi zilizochoka. Inaficha kwa muda. Ni dawa ya kuuzia injini, si ya kuitunza.

Naweza kutia oili ya gari kwenye boda?

Klachi ya boda imelowa ndani ya oili. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na klachi inaishi kwa msuguano. Itaanza kuteleza: unavuta moto, injini inalia, pikipiki haiendi. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2.

Ya gari kwenye mashine ya kupachika nayo siipendi. Tafuta yenye alama ya FC-W, ambayo imejaribiwa pia kwa kuzuia kutu. Ukikwama Kizingitini na huna nyingine, oili safi ya daraja sahihi ya gari la petroli itakufikisha nyumbani, kisha uibadilishe.

Sintetiki inafaa gharama yake?

Kwa boti inayofanya kazi sana, ndiyo, inastahimili joto na inavunjika polepole. Lakini petroli ikivuja ndani yake inaharibika vile vile, na ni hasara kubwa zaidi. Tibu kwanza tatizo la kiwango kupanda, ndipo ununue ya bei.

Naweza kuchanganya aina mbili?

Za daraja moja na kazi moja, kwa dharura, ndiyo. Usichanganye ya stroki mbili na ya stroki nne.

Naongeza oili kila wiki. Bado nahitaji kumwaga?

Bado. Kuongeza ni kama kutia maji mapya kwenye birika la majani ya jana. Viungo vilivyokwisha, asidi na chembe za chuma bado vimo. Na kama unaongeza kila wiki, niletee injini tutazame ringi.

Oili ya kupima kutoka kwenye dramu ni salama?

Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa iliyotumika ikachujwa. Huna njia ya kujua kwa macho. Rangi inadanganya huko pia. Mimi nanunua chupa yenye pete isiyokatika shingoni na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa muuzaji ninayemjua jina la baba yake. Na nikishaimaliza naitoboa chupa kwa msumari, kwa sababu chupa tupu nzima ina wateja, nao hawaitafutii maji ya kunywa.

## Hali zisizo za kawaida

Boti inapandishwa kipindi cha kusi. Nibadilishe oili kabla au baada?

Kabla. Watu huona ni hasara kuweka oili mpya kwenye injini inayolala. Lakini oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na ikikaa miezi mitatu juu ya beringi zisizozunguka, inazila. Tia mpya, washa dakika tano ukiwa umeunganisha maji matamu ili isambae na chumvi itoke, kisha uilaze. Bahari ikitulia unatazama kiwango na kuondoka.

Mashine yangu ni ya stroki mbili. Haya yote yananihusu?

Machache. Kwako oili inachanganywa na petroli na inachomwa, hakuna sampu ya kumwaga. Tumia yenye alama ya TC-W3, kwa kipimo cha kitabu, na usitie 20W-50 ndani ya petroli hata kama mzee wako alifanya hivyo, maana inaacha majivu na kuziba plagi. Ila giaboksi ya chini, karibu na panga, ina oili yake. Ifungue kila baada ya miezi michache. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili ya panga imekufa, na mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejiviringisha pale.

Jenereta ya nyumbani inawashwa umeme ukipotea tu. Naihesabu vipi?

Kwa saa, na kwa mwaka. Zile ndogo zenye oili isiyofika lita moja na zisizo na filta zinachoka haraka kuliko boti. Umeme ukikatika siku mbili mfululizo, hiyo pekee inakaribia saa 50. Na tazama kiwango kila unapojaza petroli.

Oili chafu niipeleke wapi? Jirani anaitaka apake mbao, mwingine apake kidonda cha punda.

Punda, hapana kabisa. Ina chembe za chuma na sumu, na inaunguza kidonda. Kliniki ya punda iko hapa mjini, mpelekeni huko. Mbao za chombo nazo zina mafuta yao ya sifa tangu enzi za mababu. Oili chafu inatoka polepole baharini, na rangi ukiipaka juu yake haishiki.

Usiimwage mchangani. Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya machungu ya Shela, yaani vilima vya mchanga, na mchanga hauzuii kitu, unapitisha. Kwenye mikoko inafunika mizizi ya kupumulia, na mti unakufa kwa kukosa hewa. Ninayoimwaga mimi inaingia kwenye mitungi yenye vifuniko, na ikijaa inavuka Mokowe kwenda kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Wateja wangu wanaruhusiwa kuniletea yao bila malipo, mradi haina maji.

Boti imepinduka na mashine imezama. Nifanye nini?

Usijaribu kuiwasha, hata mara moja "kuona kama itashika". Ikiwa na maji ndani ya silinda, konirodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, inapinda.

Itoe baharini, na ikiwa huwezi kuishughulikia saa hizo hizo, izamishe kwenye pipa la maji matamu. Watu hunishangaa nikisema hivyo, lakini kutu ya chumvi hukimbia zaidi ikipata hewa. Ukiwa tayari, ioshe nje na ndani kwa maji matamu, toa plagi, izungushe kwa mkono hadi maji yaishe, kisha mwaga oili yote na ubadilishe filta. Tia oili mpya ya bei nafuu lakini ya daraja sahihi, tia kidogo pia kwenye matundu ya plagi, safisha kabureta na njia ya petroli, kisha washa kwa dakika kadhaa. Imwage. Itatoka kama chai ya maziwa. Tia nyingine, washa, imwage tena. Rudia mpaka itoke na rangi ya oili, kwa kawaida ni mara tatu hivi, ndipo utie ile nzuri na filta ya pili. Baada ya saa tano za kazi, chomoa dipstiki utazame tena.